Hodhi la Chuma na Samaki wa Novemba

Přerov, 6 Oktoba 2003

Jitka,

Salamu kwako na kwa mjukuu wangu Rozálie. Mimi ni mzima, mvua inanyesha, lifti imeharibika tena. Kwa kifupi, hakuna jipya.

Nakuandikia kwa jambo la kikazi. Usishtuke, sitazungumzia talaka yenu wala kumsemea mwanangu Libor. Hayo ni yenu. Tatizo langu ni bafu. Wanabadilisha mabomba ya jengo zima, kuanzia ghorofa ya juu mpaka ya chini, na kila nyumba inavunjiwa bafu lake. Unalikumbuka letu, kile kisanduku cha kuta za karatasi ngumu tulichojengewa na serikali ya zamani, ambacho jirani akipiga chafya unamwitikia "afya" bila kupaza sauti. Sasa tutawekewa kuta za matofali kama binadamu. Ila matofali ni manene, yatakula nafasi, na hodhi langu la chuma halitaingia tena. Fundi Šimek anasema atalipiga nyundo lipasuke, alitoe vipande vipande. Ndivyo wanavyoyatoa mahodhi ya chuma siku hizi, maana hakuna anayetaka kuvunja mgongo wake ngazini.

Basi yanipasa kuchagua hodhi jipya. Wewe unauza vyombo vya bafu huko Cheb, na ndiye muuzaji pekee ninayemjua ambaye sijamkamata akidanganya. Naambiwa kuna ya chuma cha kusubu, kuna ya bati la chuma lililopakwa enameli, na kuna ya akriliki. Lipi bora? Nataka kujua hasa haya: je, linakaa na maji baridi muda mrefu bila kuharibika? Sakafu yake inateleza kiasi gani? Na linaweza kukwaruzwa na kitu chenye magamba?

Usipige simu. Unajua masikio yangu yalibaki kiwandani.

Krismasi haiko mbali. Nataka tu kujua kama bafu litakuwa tayari.

Oldřich Zapletal


Cheb, 14 Oktoba 2003

Mheshimiwa Bwana Zapletal,

Asante kwa barua yako. Nilishangaa kidogo kuulizwa habari za mahodhi na mtu aliyeyasubu maisha yake yote, lakini swali ni swali, nami nitajibu kama ninavyowajibu wateja.

Chuma cha kusubu: kinadumu kuliko mwenye nyumba. Enameli yake ni ngumu, maji yakishapata moto yanakaa na moto wake. Ubaya wake ni uzito, na ule ubaridi wa mwanzo unapoingia. Bati la chuma: ni rahisi kubeba, ila ukifungua maji linapiga kelele kama ngoma, na ukiliangushia chupa ya shampuu enameli inaruka. Akriliki: nyepesi, haina baridi mgongoni, hailii. Hukwaruzika kidogo, lakini mkwaruzo unasuguliwa ukaisha. Sharti iwekewe fremu nzuri chini, la sivyo inabonyea. Kwa mtu wa umri wako na ghorofa ya tano, mimi ningesema akriliki, bila kufikiri mara mbili.

Naomba uniambie ukingo wa hodhi la sasa uko juu kiasi gani, na kama una vishikio ukutani. Hukuniandikia.

Rozálie hajambo. Ameng'oka jino la mbele, anazungumza kwa mluzi. Shule mpya ameanza kuizoea. Kuhusu Krismasi, mwaka huu bado hatujapanga kitu.

Kwa heshima,
Jitka Zapletalová


Přerov, 20 Oktoba 2003

Jitka,

Mheshimiwa! Mheshimiwa ni mwenyekiti wa jengo letu, na hata yeye anaitwa hivyo siku ya mkutano tu. Mimi umenipikia supu miaka kumi, umenipasulia jipu shingoni, leo nimekuwa mheshimiwa? Hata benki hainiandikii hivyo.

Na akriliki yako ni plastiki. Usinizungushe. Kikombe cha kupigia mswaki ni plastiki, ndoo ya kudekia ni plastiki, na sasa mtu mzima aoge ndani ya kikombe! Najua, kipya kinyemi ingawa kidonda, na nyinyi wauzaji ndiyo mnakula hapo. Nilitaka kusikia kama utaniambia chuma. Hukuniambia.

Nitakueleza mambo ambayo hujui. Hili hodhi langu nililisubu mwaka aliozaliwa Libor. Msimamizi aliangalia pembeni, wenzangu wanne wakalibeba ngazini mpaka juu, na kila ghorofa walidai bia. Walipofika ya tano walikuwa wanaimba, wakaligongesha kwenye mlango wa Bibi Kvapilová, na alama iko mpaka leo. Chuma hakina papara. Kinakawia kupata joto, kweli, lakini kikishalipata hakikuachi ukatetemeka. Akriliki inakuchekea unapoingia na dakika kumi baadaye imekusahau.

Na samaki wa Krismasi je, tunayemweka hai humo hodhini mpaka mkesha? Umemsahau samaki? Nani kakaa ukingoni mwa hilo hodhi kila Desemba, akimsomea samaki kitabu chake cha shule kwa sababu "amechoka kukaa peke yake"? Mwaka juzi alimwita Sultani. Mwaka jana alimwita Mwalimu Mkuu, kwa ajili ya mdomo wake, nasi tukakaa siku nne bila kuoga ili Mwalimu Mkuu apumzike. Siku ya mkesha ukamtuma Rozálie akatupe takataka, nikafanya nilichotakiwa kufanya na nyundo ya mbao, na aliporudi tukamwambia Mwalimu Mkuu amekwenda likizo. Akala vipande viwili vya likizo hiyo na saladi ya viazi. Watoto wana akili, wanajua na hawataki kujua.

Kwa hiyo nijibu sawasawa. Maji baridi, siku kadhaa, hodhi lipi?

Miguu yangu ni mizima kabisa. Ukingo ni ukingo, kama mingine.

Oldřich


Cheb, 3 Novemba 2003

Bwana Oldřich,

Samahani nimechelewa. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena.

Nilikuita mheshimiwa kwa sababu sijui nikuite nani. "Baba" lilikuwa jina ulilonipa siku ya harusi. Harusi imekwisha, na sijui kama jina lilibaki kwangu au nilitakiwa kulirudisha pamoja na funguo. Nakumbuka siku niliyohama. Libor hakuwepo. Wewe ulinibebea masanduku mpaka kwenye gari, moja baada ya jingine, na hukusema neno hata moja. Hata kwaheri. Nilikaa garini nikajiambia, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mzee amenihukumu, mimi ndiye niliyeivunja nyumba ya mwanawe. Sikulaumu. Ni damu yako.

Ndiyo maana nadhani afadhali Krismasi hii tubaki huku Cheb. Tukija, Libor atajisikia vibaya, wewe utajisikia vibaya, na mtoto atatutazama sote akijiuliza nani amekosa. Najua si habari uliyotaka.

Sasa turudi kwenye hodhi. Nauza vitu hivi kila siku, na kuna jambo nimeliona. Mteja huuliza maji ya moto yatakaa muda gani. Wewe umeuliza maji baridi mara mbili, ya moto hata mara moja. Nilipokuuliza urefu wa ukingo, ukanijibu ukingo ni ukingo. Nikuulize bila kuzunguka: unaogaje?

Kama miguu imeanza kukataa, si aibu. Kuna mahodhi yenye mlango wa pembeni, unaingia kama chumbani, unakaa, unafunga, ndipo unafungulia maji. Lakini mimi ningekushauri uachane na hodhi kabisa. Weka shawa, sakafu iwe sawa na ya mlangoni, na kiti cha kukunja ukutani. Nafasi itatosha, na mimi nitalala usingizi.

Jitka


Přerov, 10 Novemba 2003

Jitka,

Nimeelewa. Mbaki huko.

Hodhi lenye mlango! Nimecheka mpaka nikakohoa. Na samaki akitaka kutoka atabisha hodi?

Usijisumbue tena na maswali yangu. Nitanunua la chuma, dogo, la kuingia kwenye matofali, na mambo yataisha. Mwambie Rozálie babu yake anamsalimu, na jino liwekwe mahali pazuri.

O. Zapletal


Přerov, 25 Novemba 2003

Mpendwa Bibi Jitka,

Mimi ni Ludmila Kvapilová wa mlango wa pili, ghorofa ya tano, yule aliyekuwa akikuazima unga. Anwani yako nimeiona nyuma ya bahasha kwenye meza ya Bwana Zapletal, na sioni haya kusema kwamba niliitafuta.

Jengo zima lina vita. Mafundi wametoka ghorofa ya saba, wakavunja ya sita, wakafika ya tano, na wamekwama. Bwana Zapletal amekataa kuwafungulia bafu. Amejifungia. Fundi Šimek anapiga mlango na nyundo, na yeye anajifanya kiziwi kuliko alivyo. Sisi wa bomba hili wote hatuna maji, tunabeba ndoo kutoka chini, na lifti kama kawaida yake. Mwenyekiti amebandika tangazo, mtu ameandika matusi chini ya tangazo, mwenyekiti amebandika jingine.

Nikamwambia, Oldo, nifungulie mimi, mimi si fundi. Akanifungulia. Unajua kuna nini humo bafuni? Samaki! Samaki mkubwa kama mtoto mchanga, anaogelea, Novemba hii! Alikwenda Tovačov walipokuwa wakivua bwawa, akapewa na rafiki yake wa zamani. Nikamwambia, mzee, samaki huletwa siku chache kabla ya mkesha, umeingiwa na nini? Akasema, "Wakivunja sasa, Krismasi sitakuwa na hodhi. Bila hodhi hakuna samaki, na bila samaki yule mtoto atakuja kuona nini huku? Sura yangu?" Nikasema, lakini wameshakuandikia hawaji. Akasema, "Mtu hubadili mawazo akisikia samaki yupo."

Nakuambia na jingine, hata akinichukia. Mwezi wa Agosti alianguka akitoka kwenye hilo hodhi. Nilisikia kupitia ukuta, unajua kuta zetu. Nyonga ilivimba, ilichukua wiki nyingi. Tangu hapo hajaingia humo hata mara moja. Anajifuta kwenye beseni la kunawia, na Jumamosi anakuja kwangu, mimi nina kiti bafuni kwangu. Anakuja na taulo lake chini ya koti ili watu wasione.

Anataka kununua hodhi la chuma ambalo hataweza kuingia. Wewe ni mtu wa mabafu, zungumza naye. Mimi nimechoka kubeba ndoo.

Ludmila Kvapilová


Cheb, 28 Novemba 2003

Baba,

Jirani yako ameniandikia. Usimgombeze, ningekuwa yeye ningeandika mapema zaidi.

Nimekasirika. Nimekasirika mpaka nimeiweka barua chini nikatembea chumbani. Ulianguka Agosti, Baba! Na Oktoba ukaniandikia "miguu mizima kabisa", ukaniachia nichague kati ya bati na akriliki kama mjinga, kumbe unanunua nyumba ya samaki. Mtu aliyesubu mahodhi mpaka masikio yakafa hahitaji ushauri wa mwanamke wa dukani. Nilijua hilo tangu barua ya kwanza, nikajifanya sijui. Ulikuwa unatafuta njia ya kuniandikia bila kuonekana unaniandikia. Na mimi nilikuwa najibu haraka haraka mambo ya enameli kwa sababu hiyo hiyo. Basi tumekuwa wajinga wawili, kila mmoja upande wake wa nchi.

Sasa nisikilize, maana na mimi nina la kuficha. Mganga hajigangi. Mimi ninayeshauri watu kutwa nzima sina hodhi. Tangu kiangazi tuko kwenye nyumba ya zamani, ya chini, kuta nene, nzuri, lakini bafu ni chumba kitupu chenye mabomba mawili yanayotoka ukutani. Rozálie anaoga kwenye karai jikoni. Kila kitu kingine nimeshachagua: vigae, bomba, taa. Hodhi limenishinda. Kila nikilitazama moja pale dukani naona si letu. Wenzangu wananicheka. Nilikuwa sijui nasubiri nini mpaka niliposoma kwamba Fundi Šimek anataka kulipiga lako nyundo.

Asilipige. Gari letu la mizigo linapeleka vyombo Olomouc tarehe kumi na tano Desemba, na hurudi tupu. Dereva anaitwa Zbyněk, ana kifua kama kabati, na atakuja na wenzake wawili. Bafu likishavunjwa kuta, hodhi litatoka zima. Sakafu yangu ni ya mawe, italibeba. Wewe weka shawa, sakafu sawa, kiti cha kukunja, vishikio viwili. Nimechora, mchoro umo humu, mpe fundi. Halafu panda gari hilo hilo uje na hodhi lako. Samaki kama bado yu hai, mlete. Kama hayuko hai, njoo wewe.

Rozálie hahitaji samaki ili akuone. Juzi aliniuliza kama babu huacha kuwa babu watu wakitalikiana. Njoo umjibu wewe.

Na kuhusu kile kimya chako siku ya masanduku, sitaki tena kukisia. Niambie tu.

Jitka wako


Přerov, 4 Desemba 2003

Jitka, binti yangu,

Nimemfungulia Šimek. Nilimwambia anaweza kuvunja kuta zote lakini akiligusa hodhi nitamvunja yeye. Samaki amehamia kwa Ludmila, kwenye beseni lake la kufulia, naye analalamika kutwa kisha namsikia akizungumza naye. Maji yamerudi jengoni. Mwenyekiti ameondoa matangazo yake.

Mchoro wako nimempa fundi. Ameutazama muda mrefu akauliza nani amechora. Nikamwambia, binti yangu, ni mtu wa mabafu. Kiti cha kukunja nimekikubali. Vishikio nimekubali kimoja. Cha pili tutagombana tukionana.

Umeniuliza habari za kile kimya. Nilikuwa nimeandaa maneno, nilikaa nayo asubuhi nzima. Nilitaka kukuambia hukufukuzwa na mtu, na kwamba mlango ni ule ule. Kisha nikashika lile sanduku la kwanza, lilikuwa la viatu vya Rozálie, halikuwa zito hata kidogo. Ningefungua mdomo ningelia barabarani mbele ya majirani, mwanamume wa kiwandani, na wewe ungelazimika kunibembeleza siku ambayo ulistahili kubembelezwa wewe. Basi nikabeba tu. Nilidhani kubeba kunatosha. Kumbe hakutoshi.

Jina sikukuazima, Jitka. Nilikupa.

Nimemwambia Libor ninakokwenda. Alisema kitu kwenye simu, sikusikia. Kisha akapaza sauti, "Vizuri, Baba, nenda." Si mtu mbaya. Tutakula naye mwaka mpya ukishaingia.

Nitakuja tarehe kumi na tano. Mwambie huyo Zbyněk bia ni kila ghorofa, ndiyo desturi.

Baba


Cheb, 11 Januari 2004

Ludmila,

Asante kwa kunitunzia maua, na kwa kunitumia zile soksi. Hujaniandikia kama mlango wako uligongwa tena. Nadhani uligongwa, maana huyo Zbyněk alitoka na hodhi akiimba.

Tulisafiri hivi: hodhi nyuma, limefungwa kwa mablanketi, mimi mbele, samaki katikati ya miguu yangu ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kila tulipopiga breki alinirushia maji suruali. Tulipofika Cheb jirani mmoja mwenye mbwa alisimama kutazama, akamuuliza Jitka, "Na huyu mzee ni fundi?" Jitka akasema, "Huyu ni baba yangu." Hakuongeza kitu. Hakusema mkwe, hakusema wa zamani, alisema hivyo tu akaendelea kushika upande wake wa hodhi. Nilijifanya natafuta kofia yangu garini mpaka nilipokuwa sawa.

Hodhi limekaa vizuri, kama limezaliwa humo. Rozálie alilala sakafuni kutafuta alama niliyolipiga hodhi chini ya tumbo mwaka nilipolisubu, na ameiona. Aliniuliza lile swali lake. Nilimwambia babu haachi kuwa babu, babu ni chuma cha kusubu. Akafikiri, akasema, "Lakini unasikia vibaya." Nikasema, ndiyo, chuma kinasikia vibaya.

Sasa usikasirike. Samaki ameitwa Ludmila. Si mimi niliyempa hilo jina. Nilimsimulia mtoto jinsi alivyokaa kwako akisemeshwa, akaamua. Na mkesha ulipofika nilichukua nyundo yangu ya mbao, nikaingia bafuni, na huko nikamkuta Rozálie ukingoni akimsomea Ludmila habari za mito ya Ulaya. Nikarudi jikoni. Jitka alinitazama, akachukua nyundo mkononi mwangu, akaponda nayo nyama ya nguruwe. Tumekula nyama ya kukaanga badala ya samaki, na saladi ya viazi, Mungu atusamehe. Chini ya kila sahani tuliweka gamba moja la bahati, kama desturi, yalikuwa yamebaki ndani ya ndoo.

Kwa hiyo samaki bado yuko. Hodhi zuri kuliko yote Cheb, na sote watatu tunaoga kwenye karai, kwa zamu, na Jitka analalamika kwamba yeye ndiye anayeuza mabafu. Amesema barafu ya bwawa la hapa ikiyeyuka tutampeleka huko sote. Sijui itayeyuka lini. Wenyeji wanasema huku baridi hukawia kuondoka.

Umeniuliza kama Fundi Šimek amalize shawa haraka ili nirudi. Mwambie asiharakishe. Vigae vikauke vizuri, na hicho kishikio cha pili akiweke tu, nimeshindwa mabishano. Mimi siwezi kutoka huku kwa sasa. Maji ya samaki lazima yabadilishwe kila asubuhi, na mimi ndiye ninayejua kuyabadilisha.

Oldřich